Lifti ya Sarafu

Khatuna, lifti imepanda bei.
Ilikuwa tetri tano, sasa ni kumi.
Kisanduku ni kile kile cha chuma:
kinameza sarafu kwanza, ndipo kamba zinalia,
ndipo napanda ghorofa ya nane
na nepi, na viazi, na mkate kwapani.
Siku nikiishiwa napanda kwa miguu,
nahesabu ngazi kama mtu anayedai.

Mama hajambo. Yaani, leo hajambo.
Amekula vijiko sita vya ghomi, akatema viwili.
Kidonda cha mgongo kimefunga, kisigino bado.
Nimekuwa msomaji wa ngozi siku hizi:
wekundu huu ni mkunjo wa shuka, utapita;
wekundu ule
nauamkia saa nane usiku na tochi.

Jumapili alikuja Zaza na kilo ya chenza.
Alikaa dakika arobaini, koti hakulivua.
Alimshika Mama mkono, Mama akalia kwa furaha,
na kule chini kwenye benchi
kina Nunu wakasema, "Mtoto wa kiume ndiye huyu."
Chenza nilizimenya mimi.
Nilitoa kokwa, nikatoa na zile nyuzi nyeupe,
maana zinamkaba.

Nilikwenda ofisi ya mafao kuuliza miaka yangu.
Miaka ya kiwanda cha hariri wameiandika yote,
hadi siku niliyougua jino.
Hii kumi na mmoja ina mstari mmoja:
*alikuwa nyumbani.*
Yule binti aliusoma kwa sauti nzuri,
kama anayenipongeza.

Wakumbuka uliponifundisha kumgeuza?
Simu niliiegemeza kwenye bakuli la sukari.
Wewe kule Bari na bibi yako wa Kiitaliano,
mimi huku Kutaisi na Mama.
"Kunja goti lake. Mkono begani, mkono nyongani.
Usivute kwa mgongo, vuta kwa uzito wako.
Moja. Mbili."
Wakageuka pamoja, vikongwe wawili
wasiojuana hata kwa jina,
wakaelekea ukutani, wakaguna guno moja,
nasi tukacheka hadi simu ikaanguka.

Wewe una mkataba, una Alhamisi mchana.
Najua unamwosha mama wa watu
ili wa kwetu apate dawa.
Najua unafungua bomba ili usisikike unalia.
Sikuonei wivu, dada.
Au nakuonea, Alhamisi tu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa.
Na wa mzazi, saa nane usiku, na tochi?

Kuna jambo sikukwambia.
Usiku ananiita kwa jina lako.
Mwanzo nilimsahihisha. Sasa naitika.
"Khatuna, mwanangu mwema,
yule mwenzio yuko wapi?"
"Yuko sokoni, Mama."
"Daima yuko sokoni, yule."
Ananyamaza, kisha ananibana kidole kwa nguvu,
na nguvu ile, Khatuna, ni yako,
nakutunzia.

Juzi lifti ilikwama kati ya tano na sita.
Taa ikazimika. Nilipiga mlango, nikaita,
nikawaza sufuria, nikawaza Mama peke yake,
nikakumbuka sufuria nilizima.
Basi nikaketi juu ya paketi ya nepi.
Hakuna aliyeniita. Hakuna kengele, hakuna kikohozi,
giza tu, na harufu ya kutu na paka.
Nililala.
Nililala kama jiwe lililotupwa mtoni Rioni,
sikuota, sikugeuka, sikugeuza mtu.

Fundi aliponifungulia aliomba radhi,
dakika ishirini, mama, utusamehe sana.
Nikakimbia ngazi zilizobaki. Mama alikuwa amelala.
Nikasimama mlangoni, sarafu zimejaa kiganja,
nikijuta kwamba sikumwuliza yule fundi
ni ngapi ninazoweza kutumbukiza
ikwame tena.