Kifuniko cha Kumi na Mbili

Waliosema akiba haiozi
hawakununua debe la plamu Marikiti
katikati ya Njaanuari, saa kumi jioni,
muuzaji akitaka kurudi Limuru mikono mitupu.
Nilimpa mia tatu. Akaniongeza zilizopasuka.
"Mama, hizi kesho hazitaiona," akasema,
nami nikazipandisha hadi orofa ya nne
polepole, kama mtu aliyekabidhiwa wagonjwa.

Hapa Umoja maji ni Jumanne na Ijumaa.
Leo Ijumaa. Mitungi imejaa,
sufuria ya Mbeyu, ile yenye kitako cheusi, inatokota,
na chupa kumi na mbili zimelala
kinywa chini juu ya taulo.
Ni chupa za watu.
Hii ilikuwa ya kahawa ya bosi wa Mbeyu.
Hii ilitoka hotelini na zeituni zake;
nimeichemsha mara tatu
na bado inakumbuka chumvi ya wageni.
Hii ya siagi ya karanga nilipewa na mwalimu Khavere
kwa sharti moja: irudi,
ila isirudi tupu.

Kokwa natoa kwa kijiko cha chai.
Sukari nusu ya uzito wa tunda, si zaidi,
sukari siku hizi inapimwa kama dawa.
Limau moja. Makaa, kwa kuwa gesi imekwisha
na mshahara wa Musembi uko njiani tangu Krismasi.
Povu la waridi linapanda, nalienga, naliweka kisahanini.
Nduku analiramba hadi pua inang'aa,
kisha anauliza kwa nini tunapika chakula cha Julai
na cha leo bado.

Namwambia koroga.

Julai naijua.
Nguo zinashinda kambani wiki nzima na hazikauki,
mkate mkavu mezani,
watu wa nyumba moja wanasemezana kwa vidole vya baridi.
Siku hiyo nataka kufungua kabati,
nitoe Januari,
niipake.

Usiku. Umeme umekwenda zake.
Chupa ziko mezani gizani, zinapoa,
nasi kitandani tunasikiliza.
*Tik.*
"Moja," anasema Musembi. Nilidhani amelala.
*Tik.* Mbili.
Kitufe cha kifuniko kinazama,
chupa imevuta pumzi na kuishikilia.
Pikipiki inapita. Mbwa wa ploti ya pili.
*Tik.*
Tunahesabu kama wazazi wanaosikiliza mlango,
mtoto mmoja, mwingine, mwingine.
Saa sita na nusu, kumi na moja.

Halafu kimya.
"Ngoja," anasema.
Tunangoja.

Ni ile ya Khavere, bila shaka,
kifuniko chake kina kovu la kisu.
Mwaka juzi nilimhurumia mwenziwe kama huyu,
nikampanga na wazima,
na Aprili akatoka povu, kabati likanuka busaa.
Waliosema akiba haiozi
waje na matambara yao.

Nainuka na tochi ya simu. Nabonyeza kwa kidole gumba:
kinashuka, kinapanda,
mtoto anayejifanya amelala.
Basi wewe, nikamwambia, wewe ni wa leo.

Chapati ya mchana ilikuwapo, baridi, moja.
Tukaigawa kwa mikono.
Nduku alikuja akiburuta blanketi,
hakuuliza kitu, akatumbukiza kidole.
Na Musembi, ambaye tangu Krismasi
anajibu kwa mabega,
alisema kazini wamepunguza watu tisa,
kwamba jina lake ni la kumi,
akasema huku akitafuta ganda la plamu
kwa ncha ya kijiko, chini kabisa, polepole.
Nilimwachia lile ganda.

Asubuhi nimezipanga kumi na moja kabatini,
tarehe kwa kalamu ya Nduku.
Chupa ya Khavere nimeiosha.
Alisema isirudi tupu.
Nimetia kokwa saba ndani.
Yeye ana kiwanja nyuma ya darasa,
mimi nina ngazi.