Hodi Katika Silinda ya Tatu

Nje kidogo ya Lieksa barabara inanyooka kilomita nne,
misonobari kulia, misonobari kushoto,
na Juni haina usiku wa kumficha mtu.
Ilpo ameshika usukani. Mimi shangazi yake
nimepakata kompyuta kama mtoto wa kuazima,
waya umepita chini ya dashibodi hadi kwenye ubongo wa gari.

Gari lenyewe la Kiswidi, la mizigo, umri wake na Ilpo sawa;
alilinunua kwa mjane wa mchimba makaburi.
Turbo kaiweka yeye, kubwa kuliko haja,
na turbo ni mlafi: huishindilia hewa
mpaka hewa inatoka jasho.
Hapo petroli haingoji mwali uifikie,
hujilipukia yenyewe pembeni,
na pistoni hupigwa kofi la uso.

Hiyo ndiyo hodi.
Mwenye masikio huisikia: kokoto ndani ya kopo.
Mimi siisikii. Miaka thelathini na mmoja
kiwanda cha karatasi kilinila sikio la kulia
na robo ya la kushoto,
kikaniachia macho, na tabia ya kuandika kila kitu.
Kwa hiyo Ilpo husikiliza, mimi husoma.
Tumekosana mara nyingi kuliko tulivyopatana.

Dawa ya hodi ni maji.
Nusu maji, nusu methanoli, kwenye tangi la kuoshea kioo;
pampu, bomba jembamba, pua yenye tundu
ambalo sindano ya kushonea haipiti.
Yaingie ukungu, yasiingie mvua.
Mara ya kwanza tuliyatia ya kumwaga:
injini ikakohoa, ikainamisha kichwa,
na gari la nguvu farasi mia tatu
likapitwa na trekta la Oiva,
akatupungia mkono.

Tukabadili pua.
Gia ya tatu, mguu chini,
mizunguko elfu mbili na nusu hadi elfu sita,
punguza, geuza, rudi.
Mara sita. Joto la hewa: themanini na mbili bila maji,
arobaini na nne kwa maji.
Ilpo anapiga usukani: "Sikia inavyoimba!"
Sisikii kitu. Naona mstari wa 1184.

Mstari wa 1184:
shinikizo limeshafika,
pampu bado inavaa viatu.
Theluthi ya sekunde. Katika upenyo huo
kompyuta imeirudisha cheche nyuma digrii sita,
silinda ya tatu peke yake,
kama mtu anayemziba mtoto mdomo
wageni wasijue.

"Hapo," nikasema.
"Hapo hapana kitu."
Tukakaa kando ya barabara, mbu wakatukuta.
Akaivuta skrini. Akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza.
Sikumwambia si nilikwambia.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki;
yakichelewa je, hawakusema.

Tukaiteremsha swichi ya pampu,
maji yaanze shinikizo likiwa nusu baa,
waje kabla ya kuitwa, kama majirani wema.
Saa nane usiku, anga rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji.
Mara ya saba.
Mizunguko ikapanda, maji yakapanda nayo bega kwa bega,
cheche haikurudi hata digrii moja.

Nikashuka mstari kwa mstari hadi chini:
hakuna kitu. Hakuna kitu. Hakuna kitu.
Ndiyo rekodi inayochosha kuliko zote nilizosoma.
Nikaihifadhi mara mbili.

Ilpo kashuka kujaza tangi, lilikuwa linakaukia.
Akarudi, akainama upande wa sikio langu lililobaki:
"Safari hii," akasema,
"hata mimi sikusikia kitu."