Rangi ni Yako, Ukuta ni Wetu

Jana mhandisi alichomeka bisibisi
kwenye nguzo ya roshani, ghorofa ya tano.
Ikazama hadi mpini
kama kisu ndani ya boga lililoiva.
Hakusema neno. Aliifuta kwenye suruali,
akaandika tarakimu.

Mvua ya New Westminster haina haraka.
Hainyeshi, inakaa.
Imekaa nasi miaka ishirini na sita,
ikipenya penye msumari, penye ukingo wa dirisha,
ikila mbao nyuma ya plasta ya rangi ya maziwa
huku sisi tukibishana juu ya mbwa kwenye lifti.

Mimi ndiye mweka hazina.
Nina bahasha arobaini na nane
na ngazi za kupanda kwa miguu,
maana lifti nayo imo kwenye orodha.

Namba 102, Anselm Boudreau, kijana,
masanduku bado hajayafungua.
"Nimenunua Machi," anasema.
Najua. Mkataba hauulizi umefika lini.

207, muuguzi Teresita Abueva
amerudi zamu ya usiku, amelala.
Naipitisha karatasi polepole isikwaruze sakafu,
kana kwamba ukimya
utapunguza sifuri moja.

511, Dalbir Sahota anasoma amesimama,
anahesabu kwa pingili za vidole.
"Elfu sitini na mbili?"
"Elfu sitini na mbili."
"Dari yangu haivuji."
"Dari yako ndiyo sakafu ya paa letu, Bwana Sahota."
Anacheka kidogo, kicheko cha mtu
aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

304 anafungua kabla sijabisha.
Halyna Romaniuk, aliyekuwa hapa
tangu zulia la kwanza, tangu mlango ukinuka gundi.
Anaisoma barua yote, hata anwani.
Kisha: "Hebu niambie, changu humu ni kipi?"

Nafungua kanuni, ukurasa wa nne.
Rangi ya ndani ni yako. Zulia ni lako.
Hewa iliyo kati ya kuta nne ni yako.
Ukuta wenyewe ni wetu sote.
Pale roshani, penye nyanya zako,
vigae ni vyako,
bamba la zege chini yake ni letu,
na kuoza kwake ni kwetu pia,
kwa asilimia, kulingana na ukubwa wa chumba.

"Kumbe," anasema, "nimelipia hewa."

Anavuta droo ya vijiko.
Chini ya vijiko kuna karatasi, imekuwa njano:
kumbukumbu za mkutano mkuu, mwaka 2009.
Hoja: mchango wa akiba usipandishwe.
Mtoa hoja, jina langu.
Muunga mkono, lake.
"Tulipiga makofi," anasema. "Kulikuwa na keki ya limau."

Kulikuwa na keki.
Niliikata mimi, vipande arobaini na vinane,
kila mmoja akaondoka na kipande chake
na dola kumi na tisa zilizobaki mfukoni kila mwezi.
Ufa tulikuwa tumekwisha kuuona.
Tuliuchagulia rangi.

Sikupata la kusema. Naye hakulitaka.
Alinikunjia karatasi ile, akanipa.
"Iweke wewe. Wewe ndiye hazina."

Alhamisi tutapiga kura,
ingawa jibu la pili halijulikani lilivyo.
Mwezi ujao watatufunga wavu wa kijani
kuanzia paa hadi maua ya Bi Romaniuk.
Mto hatutauona hadi majira yapite mara mbili;
tutausikia tu, tishali zikivuta magogo
gizani kuelekea viwandani.

Nilipomaliza nilibaki na bahasha moja.
Namba 406. Jina langu, mwandiko wangu.
Ufunguo nilikuwa nao mkononi.
Niliinama hata hivyo,
nikaisukuma chini ya mlango,
kisha nikafungua,
nikairuka,
nikaenda kuwasha birika.