Mguu wa Kushoto

Mghoi, binti wa hospitali, wanihesabia moja, mbili,
moja, mbili, kama mwenye duka ahesabuye mayai.
Mguu wa kulia wakutii. Wa kushoto
umekaa pale pale kwenye saruji ya Makadara,
umenuna, kama mgeni asiyekaribishwa.
Usinikasirikie. Huu mguu haukufunzwa hesabu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Kibokoni,
ua limezibwa kwa mashuka, wanaume wote nje,
karabai ikivuma,
na shangazi Mwanahawa akanifunga leso kiunoni,
akaivuta mpaka nikakosa pumzi, akasema:
"Mabega yanyamaze. Uso unyamaze. Kiuno kiseme peke yake."
Nikaingia duarani. Msondo ukanigonga
hapa, chini ya kitovu, kabla sikio halijajua.
Nilidhani mimi ndiye ninayecheza.
Kumbe nachezwa.

Mwaka wa pili nikaolewa na Famau, karani wa Kilindini,
mtu mwema, mrefu, asiye na wizani hata chembe.
Watu wakipiga makofi, lake lilikuja nyuma
kama barua iliyozungukia Malindi.
Usiku wa maulidi, safu nzima imeinamia kulia,
yeye angali kushoto,
agongana na bega la jirani, aomba radhi.
Nilimcheka miaka thelathini na minne.

Watoto wakaja, nikawa wa kukaa ukutani.
Ngoma haikunitoka. Ilihama.
Ikaingia kwenye nyonga niliyobebea mtoto,
ikaingia kwenye mbuzi nikikuna nazi,
ikashuka mpaka kanyagio la cherehani:
sare za shule mia na ishirini kabla Januari,
ta-ka-ta, ta-ka-ta, mchana kutwa,
mshono umenyooka kwa kuwa kisigino hakikukosea.
Haya, niambie hiyo si ngoma.

Harusi ya Zuleikha, kifungua mimba wangu,
nilipewa pembe na kijiti, nikasimama kwenye mstari wa vugo
na wanawake ambao magoti yao
yalilia kuliko pembe.
Hatukuzunguka. Hatua ilikuwa nusu, kiuno robo,
tulitikisika kidogo tu, kama maji ndani ya ndoo
ya mtu ajuaye kubeba.
Ujanani nililikimbilia pigo.
Usiku ule nililingoja, likaja lenyewe,
likanikuta nimesimama.

Famau alikufa mwezi wa Rajabu.
Siku ya khitima nilikuwa chumba cha ndani,
nikaisikia dhikri ya wanaume ikienda, ikirudi,
imelingana, safi, haina kasoro,
na hapo ndipo nilipolia, si kabla.
Palikosekana mtu wa kuiharibu.

Basi wacha mayai yako, Mghoi.
Twaa hicho kijiko cha uji, ugonge kiti cha magurudumu.
Sivyo, hivyo wabisha hodi.
Mara mbili nyepesi, ngoja, kisha moja nzito.
Hapo pa kungoja ndipo penyewe, usiparuke.
Ehee.
Waona? Kisigino kimeinuka.
Hata bibi wa kitanda cha sita atikisa kichwa,
naye tangu juzi hajasema neno.
Tena. Mbili, ngoja, nzito.
Mguu waja.
Waja umechelewa, nyuma ya pigo, kila mara nyuma,
wagonga ukingo wa kitanda kama uombao radhi.

Famau, ni wewe?

Gonga, mwanangu, usiache.
Usiharakishe kwa ajili yake.
Nitamngoja.