Kopo la Pili

Kikombe kimoja cha kahawa Bergen
ni ndala jozi tatu, na chenji hupati.
Niliishika menyu kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali,
nikairudisha mezani taratibu, nikaomba maji.
Maji ni bure. Hilo nilijifunza siku ya kwanza,
na tangu hapo nimeinywa Norwe yote kutoka bombani.

Siku ya pili nikajua saa ya mkate:
robo saa kabla duka halijafungwa
kijana mwenye kipini puani hubandika karatasi za njano,
nusu bei.
Tulikuwa watatu tukimvizia,
kila mmoja akijifanya anachagua sabuni.

Kisha kivuko. Gari hulipa, miguu hailipi.
Nilivuka, nikarudi, nikavuka tena
kwa raha tu ya kutodaiwa.

Humo ndimo nilimkuta Torbjørg,
daktari wa meno mstaafu, nyumba mbili, goti moja la chuma.
Mgahawa wa kivukoni ulinukia soseji.
Yeye akatoa mfukoni mkate uliofungwa kwa karatasi,
na jibini ya rangi ya kahawia, tamu kidogo, kama iliyoungua kwa bahati njema.
"Kununua hapa ni wazimu," alisema. Akanikatia kipande.
Mkono mtupu haulambwi, lakini wangu niliulamba,
ulikuwa umebaki na jibini.

Akanieleza habari za kibanda mlimani.
Hakina mlinzi. Kuna kuni, kabati la chakula, daftari.
Unakula, unaandika, ukifika mjini unalipa.
"Na asiyeandika?"
Alinitazama kama niliyeuliza habari za asiyepumua.
Kisha akaikunja ile karatasi ya mkate mara nne
akairudisha mfukoni. Ya kesho.

Nilipanda saa tano. Mvua ya kule haina pupa,
inajua una siku nzima.
Vitanda vinne, jiko la chuma, kuni zimepasuliwa
na mtu nisiyemjua, kwa ajili ya mtu asiyemjua.
Kabatini: supu za pakiti, biskuti,
makopo ya mipira ya samaki, na bei zake ukutani.

Nilifungua moja, nikalila nimesimama.
Halafu, njaa haina adabu, la pili.

Kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye daftari,
kana kwamba humo ndani mwote
ndiyo pekee iliyoweza kuibwa.
Juu ya mstari wangu: Håvard na Ingvild, usiku mmoja, supu mbili.
Chini yao, kwa mwandiko wa mtoto, herufi zinapanda kilima:
Biskuti nne.
Nne imekatwa. Tano.

Nikaandika: kopo moja.

Nimelala kwenye vituo vya treni,
nimelala hemani nyuma ya kanisa, makaburini kabisa,
nimelala chooni Voss, mlango nikiusukuma kwa miguu.
Sijawahi kulala ghali kama usiku ule.

Asubuhi nilifagia, nikapasua kuni zaidi ya nilizochoma,
nikajiambia hizo ndizo malipo.
Makopo matupu nikayatia mkobani, maana taka hushuka na mwenyewe.
Yakaanza kugongana.
Kila hatua, moja, mawili. Moja, mawili.
Nikaweka soksi katikati. Yakasema kupitia soksi.

Saa nzima nilikuwa nimeshuka.
Saa nzima nikapanda tena, nikitukana kwa lugha zote ninazozijua,
ya mwisho ikiwa ya Torbjørg, neno moja tu, alilolisema goti lilipomkamata.
Nikakata. Nikaandika mawili.
Daftari halikusema asante.

Kivuko cha jioni kilikuwa kimekwenda.
Nikalala kwenye kibanda cha abiria, juu ya benchi,
ubavu wangu na ubao tukigombana hadi alfajiri,
na bado nikalala.

Krona mia moja na kumi na nane nililipa mjini.
Na nasema bila aibu, kwa mipira ya samaki
ile ni bei ya wizi.