Drili Dirishani

Nimeikuta drili yangu mjini Kutaisi,
kwenye dirisha la duka la rehani,
kati ya saa za marehemu na kinanda kisicho na kifuniko.
Herufi za jina langu zipo bado mpinini,
nilizozikwaruza kwa msumari.

"Siku moja tu, Vazha," ulisema, Malkhazi.
Siku moja imezaa miezi mitatu.

Nimelipa. Nimenunua kilicho changu.
Mwenye duka hakuuliza kitu; anakujua.

Sasa simu inatetemeka kando ya mkate,
jina lako linawaka, linazimika.
Najua utakachosema: timu ya Italia,
safari hii hakika.

Na ni wewe uliyebeba jeneza la baba
theluji ikikufika magotini,
kiatu kimoja kikabaki njiani,
usigeuke kukitafuta.

Akufaaye kwa dhiki, tuliambiwa.
Hatukuambiwa tufanyeje
akiwa yeye ndiye dhiki.

Simu imenyamaza.
Naipangusa drili vumbi, naichomeka kwenye umeme:
inazunguka.
Kesho utakuja kuiazima.

Nimeisukuma chini ya kitanda.
Nimeitoa tena.