Bonde Lililogeuka

Hefin ameingia na matope ya Wales hadi magotini,
kofia mkononi kama mtu aliyekuja matangani,
akaiinamia karatasi ambayo bado ina unyevu.
"Huu mlima," akasema, "umeuweka kushoto.
Nimeuona kulia tangu nizaliwe."

Nikamweleza: bamba la shaba nililipaka nta,
nta nikaikwaruza kwa sindano,
kisha tindikali ikala palipo wazi tu,
taratibu, kama kondoo waliogundua pengo la ua.
Halafu wino, halafu mtambo,
na bonde likatoka limejigeuza,
kijito kikikimbilia kilikotoka.

Akaguna. Akahesabu kwa ukucha.
"Kumi na wanne. Mmoja umemwacha,
yule mchechemeaji.
Na waya? Waya uko wapi?"

Niliuacha makusudi,
waya wa miiba unaopanda toka kijitoni hadi kwenye msonobari.
Niliziacha na nguzo za umeme,
josho la zege, na lile gunia jeupe la plastiki
lililonasa kichakani tangu Januari.
Nilitaka malisho, nikamwambia,
kama Mungu alivyoyaacha.

"Mungu hakuacha malisho hapa.
Aliacha kinamasi.
Babu akachimba mitaro,
baba akang'oa mawe mpaka ukuta ukatokea.
Waya niliuvuta mimi, siku tatu za mvua,
ya nne nikashonwa."
Akakunjua kiganja.
Kovu jembamba, limekolea pembeni,
mstari mmoja usiotetereka,
mzuri kuliko wowote niliowahi kuchora.

Alipoondoka alisahau kofia.

Usiku nikalirudisha bamba mezani.
Bila nta safari hii, bila tindikali,
ncha ya chuma juu ya shaba tupu.
Shaba ikabisha. Mkono ukaniteleza mara mbili,
vinyweleo vya madini vikasimama kando ya mfuo,
vile vinavyoshika wino na kuutia ukungu.
Nilianzia kijitoni,
nikapanda nguzo kwa nguzo,
nikipumzika palepale ambapo, nadhani, na yeye alipumzika:
penye jiwe bapa, mgongo kwa upepo.

Kufika msonobarini, kidole kilikuwa kinavuja damu
kwa uzembe tu, si kwa ushujaa.
Nguzo za umeme bado sijaziweka.
Mchechemeaji nimemweka,
nje ya waya,
anakula.